Jasusi hapangi foleni mpakani

Kwa wiki tatu sasa jioni zangu hapa Kamenge zimekuwa za majasusi. Kijana mmoja wa mtaani, anayewajazia abiria wa mabasi ya kaskazini filamu kwenye flashi, alinipa mkusanyo wa filamu za kijasusi za miaka ya 1960, nami nikaanza kuzirudia moja moja kila jioni umeme ulipokuwapo. Wengi wetu tuliziona utotoni, picha ikiwa imechakaa na sauti ikikwaruza, na tulichofuata ni magari, bastola na ngumi. Safari hii jicho langu lilinasa jambo jingine, labda kwa kuwa riziki yangu inatoka kwenye habari za mipaka: namna watu hawa wanavyovuka kutoka nchi moja hadi nyingine.

James Bond hapangi foleni. Katika Dr. No anaagwa ofisini London, picha inakatika, na mara yuko uwanja wa ndege wa Kingston, Jamaica, suti haina hata kunyanzi. Hakuna anayemwuliza anakwenda kwa nani na atarudi lini. Zaidi ya yote, hana mzigo. Hana gunia la mchele, hana katoni ya sabuni, hana dumu la mawese lililofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Sijamwona hata siku moja akibishana na mtu juu ya kilo.

Filamu hiyo ilizinduliwa London tarehe 5 Oktoba 1962. Siku nne baadaye Uganda ikapata uhuru. Burundi na Rwanda zilikuwa zimeshapata wao tarehe 1 Julai mwaka huohuo, na Jamaica yenyewe, ambako filamu ilipigwa, ilipata wake mwezi Agosti. Kwa hiyo jasusi huyu na mipaka yetu kadhaa ni wa rika moja. Mistari iliyochorwa na wakoloni ilipogeuka kuwa mipaka ya mataifa, bendera kila upande na askari wa kuilinda, sinema ilianza kutuonyesha mwanamume anayeipita kama mtu anayepita kutoka sebuleni kwenda jikoni.

Anayeujua mpaka katika filamu ile ni mtu mwingine, Quarrel, mvuvi. Ndiye mwenye mashua, ndiye anayejua kufika usiku kwenye kisiwa cha Crab Key ambako watu wamekatazwa kutua. Anamwambia Bond kwamba kisiwani kuna zimwi linalotema moto. Bond anamcheka. Wanavuka, na Bond anamtuma mvuvi amletee viatu vyake, kwa sauti ya bwana anayemtuma mtumishi. Kisha zimwi linatokea kweli: ni gari la chuma lenye mtambo wa kurusha moto. Linamwunguza Quarrel hadi kufa. Bond anakamatwa mzima, anaogeshwa, anapewa nguo safi na kukaribishwa chakula cha jioni mezani kwa adui.

Hapo nilisimamisha picha. Mvuvi alisema kweli. Kitu kilikuwapo, kilitema moto na kiliua. Ni jina lake tu ambalo hakulijua. Ninyi mnaovuka kila wiki Gatumba au Kobero mnamfahamu Quarrel. Ni yule mwenyeji wa mpakani anayekuambia leo usipite, kuna jambo, wala hawezi kukueleza jambo gani. Wageni wakishamaliza shughuli zao na kuondoka, yeye ndiye anayebaki na zimwi.

Nifungue mabano kidogo kwa ajili ya wanaowadharau watafsiri wetu wa filamu, kina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, kwamba wanaweka maneno yao midomoni mwa Wazungu. Yule Ursula Andress anayetoka baharini katika Dr. No, sauti tunayoisikia si yake. Alitafutiwa mwanamke mwingine wa kumsemea. Gert Fröbe, Mjerumani aliyeigiza Goldfinger, naye alisemewa na Mwingereza, Michael Collins. Kwa hiyo Lufufu alikuwa anaendeleza kazi iliyoanzwa na wenye filamu wenyewe, ila yeye aliongeza utani.

Filamu iliyonikaa kichwani kuliko zote ni From Russia with Love, ya mwaka 1963. Bond anatoka Istanbul kwa treni, pamoja na binti wa Kirusi na mtambo wa kusoma maandishi ya siri. Wamesindikizwa na Kerim Bey, mwenyeji wao Mturuki, mtu mcheshi ambaye mtandao wake wote wa kijasusi ni wanawe wa kuwazaa. (Huyu nilimpenda. Ukitazama maduka mengi ya jumla ya mji huu, yameendeshwa hivyohivyo.) Kerim anauawa ndani ya treni. Muuaji, Grant, anajifanya afisa wa Uingereza, anakaa meza moja na Bond, na wanapoletewa samaki anaagiza mvinyo mwekundu. Baadaye, akiwa amepigwa na kuwekewa bastola, Bond anasema alipaswa kumgundua palepale, kwa kuwa muungwana wa Kiingereza hanywi mvinyo mwekundu na samaki.

Hapa kwetu mukeke huteremshwa kwa kinywaji chochote kilichopo, na hakuna aliyewahi kukamatwa kwa hilo. Lakini litazame jambo lenyewe. Grant alikuwa na kila kitu sahihi: suti, Kiingereza safi, jina la afisa wa kweli aliyekwisha kumwua, na maneno ya siri ya kutambulishana. Kwa vitu hivyo alipita vizuizi vyote. Vizazi vya watazamaji vikatoka sinema vikikumbuka samaki na mvinyo. Wakajifunza kwamba adui anajulikana kwa anavyokula na anavyotamka, kwamba kuna tabia ndogo itakayomfichua mgeni, na mwenye jicho kali ataiona.

Somo hilo limefika hadi kwenye mipaka yetu, hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona filamu hiyo. Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za kusikilizana bila mkalimani, na kwa sababu hiyohiyo neno moja linaweza kukuanika. Salamu tu inatosha: huku ni zaidi "Amahoro", ng'ambo ni zaidi "Muraho". Kwenye Kiswahili ni vilevile. Mtu wa Uvira atasema "niko naenda", wa Kigoma atasema "naenda", na sikio la askari aliyechoka, au la mchuuzi aliyekasirika, limeshatoa hukumu. Mama ana vitenge, anaulizia bei sokoni, anaandika kwenye daftari, anapiga picha ya kitambaa amtumie mteja wake kwa simu. Hizo ni kazi za biashara. Ndizo pia kazi ambazo mtu akiamua atasema ni za ujasusi: kuuliza, kuandika, kupiga picha, kutuma.

Ninaandika haya nikiwa Kamenge, na Kamenge ina kumbukumbu yake. Miaka ya 1990, vita vilipoigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa, kutaja unakolala kulitosha mtu kujua akuhesabu wapi. Mwaka 1995 watu kwa maelfu walikimbia mtaa huu. Kituo cha vijana, Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa na mapadri Waxaveri mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, kilifanya kazi ya kuwarudisha pamoja vijana wa mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara na mingineyo, kwenye uwanja mmoja wa mpira na maktaba moja. Watu wazima wa hapa hawahitaji kuelezwa kwamba kumjua mtu kwa matamshi yake ni ujuzi wa hatari. Kwa hiyo jirani yangu mmoja aliponikuta naangalia kile kipande cha samaki na kucheka, yeye hakucheka.

Tuje kwenye filamu ambayo kila mfanyabiashara angeielewa, Goldfinger ya mwaka 1964. Bwana huyu anavusha dhahabu kutoka Uingereza kwenda Uswisi, mara sita kwa mwaka, ndani ya gari lake la kifahari la zamani. Ukilipekua gari, ukafungua buti, ukang'oa viti, hupati kitu, kwa sababu bodi ya gari yenyewe ndiyo dhahabu. Akifika ng'ambo analifungua, anayeyusha, anauza, na gari linaungwa upya. Mpango wake mkubwa ni wa kibiashara zaidi. Haendi kuiba hazina ya dhahabu ya Marekani pale Fort Knox. Anataka kuilipulia bomu la mionzi ili isigusike kwa miaka 58, na dhahabu yake mwenyewe ipande bei. Yaani mtu anachoma ghala la mshindani ili gunia lake lipate soko. Hilo sokoni tunalijua kwa majina mengine.

Sinema ilikuwa na akili hapo. Ilitambua kwamba mali kubwa hupita mpakani mchana, kwa gari zuri, mwenyewe akitabasamu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mwaka baada ya mwaka jinsi dhahabu ya mashariki ya Kongo inavyovuka kwenda nchi jirani na kupata makaratasi ya huko. Dhahabu hiyo haivuki kwa miguu chini ya majani ya muhogo. Lakini nenda kwenye kituo chochote cha mpaka asubuhi uangalie nani anafunguliwa mzigo hadi chini. Ni mwenye kikapu. Anayepekuliwa zaidi ni yule ambaye kupekuliwa kwake hakuna gharama kwa anayempekua.

Afrika Mashariki yetu ilichelewa kuingia kwenye filamu za Bond. Katika Casino Royale ya 2006, si ya zamani lakini kijana wa flashi aliichanganya humo, tunaoneshwa mji wa Mbale, Uganda. Ninyi mnaochukua bidhaa huko mnaujua Mbale: mji wa biashara chini ya Mlima Elgon, wa kahawa ya Bugisu, wenye maduka na kelele za bodaboda. Kwenye filamu ni kambi ya waasi msituni, ambako mwenye benki wa magaidi anakuja kupokea fedha zao. Na msitu wenyewe uko Uingereza, karibu na studio zao. Hawakupata hata nauli ya kuja. Wasomaji wa Willy Gamba wa Elvis Musiba wanajua kwamba tulikuwa na jasusi wetu tangu miaka ya 1970, Mtanzania aliyefika hadi Kinshasa kwenye Kikosi cha Kisasi, na adui wake mkubwa alikuwa makaburu wa Afrika Kusini. Gamba naye alikuwa mtu wa hoteli nzuri na wanawake wazuri, tusimtakase. Ila adui wa Gamba hakuwa jirani aliyevuka na mchele.

Ya mwisho katika flashi ilikuwa The Spy Who Came in from the Cold, ya 1965, nyeusi na nyeupe, Richard Burton akiwa na uso wa mtu ambaye hajalala mwaka mzima. Imetokana na riwaya ya John le Carré, ambaye kabla ya kuandika alifanya kazi hiyo kweli. Hapa hakuna gari la ajabu. Filamu inaanza usiku kwenye kivuko cha Ukuta wa Berlin. Burton anamsubiri mtu wake atoke upande wa mashariki. Mtu anakuja na baiskeli. Makaratasi yake yanakaguliwa, anaruhusiwa, anaanza kukanyaga taratibu kuelekea magharibi, na katikati, pale ambapo si huku wala si kule, taa zinawaka na anapigwa risasi. Mwisho wa filamu unarudi ukutani palepale, na sitausema kwa asiyeuona.

Nimeangalia watu wengi wakivuka mipaka yetu na baiskeli, wameegemea mbele, mzigo umewazidi kimo. Mtu yule alivuka kama wao. Katika filamu zote hizi huyo ndiye jasusi pekee niliyemwona akikaguliwa makaratasi kama mtu wa kawaida, na ndiyo filamu pekee iliyonifanya niamini kwamba aliyeiandika aliwahi kusimama mpakani na kusubiri. Burton anasema humo, kwa hasira, kwamba majasusi si mashujaa wala wanafalsafa. Ni watu wadogo, walevi. Na kwa ajili ya michezo ya wakubwa wao, anayekufa ni binti wa maktaba ambaye hakujua lolote. (Basi, mwisho nimeutoboa nusu.)

Sasa niseme kwa nini haya yanafaa gazeti la watu wa mizigo. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa. Zilitajwa sababu kadhaa, lakini kiini cha ugomvi kilikuwa ujasusi. Kigali ililalamika kwamba raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda; Kampala ikasema kuna majasusi wa Rwanda wanaojipenyeza ndani ya vyombo vyake. Marais walitia saini makubaliano Luanda tarehe 21 Agosti 2019. Mpaka ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Hesabu mwenyewe: karibu miaka mitatu. Majasusi, kama walikuwapo, sidhani walikuwa wakisubiri lori la saruji liwapitishe Gatuna. Ndege ziliendelea kuruka. Waliokwama ni wenye saruji, wenye ndizi, na mama wa kijiji cha mpakani aliyezoea kwenda kuuza ng'ambo na kurudi kabla ya jua kuzama.

Huku kwetu, baada ya shambulio la Vugizo la Desemba 2023 lililodaiwa na kundi la RED-Tabara, Burundi iliilaumu Rwanda kwa kuwasaidia waasi hao, Rwanda ikakana, na tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Watu waliuawa Vugizo. Sitaki mtu anisome kana kwamba hofu ya serikali ni mchezo wa filamu. Nchi ina haki ya kujilinda, na majasusi wa kweli wapo, kila upande. Swali langu ni dogo zaidi: kati ya hao wa kweli, ni wangapi waliowahi kukutwa Ruhwa na beseni la nyanya kichwani?

Kuna kipande cha lawama kinachotuhusu sisi wenyewe pia. Neno hili halitoki midomoni mwa askari peke yao. Mchuuzi akiona mgeni ameshusha bei ya vitenge kwa faranga mia tano, njia fupi ya kumwondoa si kushusha bei zaidi. Ni kunong'ona kwamba yule mtu anauliza sana. Tuhuma ya wizi inataka kitu kilichoibwa. Tuhuma ya ujasusi haitaki chochote, na anayetuhumiwa hana cha kuonyesha ili ajitetee. Akinyamaza anaficha, akisema sana amefunzwa. Ndiyo mashindano ya bei rahisi kuliko yote, na yakishaanza sokoni yanarudi kwa aliyeyaanza, kwa sababu naye Jumanne atavuka kwenda kununua, na huko ng'ambo yeye ndiye mgeni.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, imeruhusu nchi kuzuia watu kwa sababu za usalama. Lakini imeitaka nchi inayoweka kizuizi izijulishe nchi wenzake. Dola inamwambia dola mwenzake. Mwenye beseni haambiwi kitu. Mwenye bidhaa za ukanda huu zisizozidi dola 2,000 anaruhusiwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, karatasi moja, inajazwa kwa dakika chache. Basi na tuhuma iwe na karatasi yake. Afisa anayemzuia mtu kwa shaka ya ujasusi aandike jina lake mwenyewe, saa, na kilichomtia shaka, kisha asaini na kumpa mzuiwa nakala. Akiandika kwamba mama alisema "Muraho", na iandikwe hivyo, isomeke na mkuu wake. Akikosa cha kuandika, amrudishie simu na kitambulisho, amsaidie kutwika beseni, na ampishe avuke kabla jua halijazipata nyanya.